Silensie ya Kimemi

Haya niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa. Ukibisha, njoo umtazame mdogo wangu Kambale mdomoni anapoongea, ndipo uniite mwongo.

Ilikuwa wakati wa vita, Butembo. Baba na mama walikuwa wamekufa. Mimi mkubwa niliacha shule, nikawalisha Kambale na dada yetu Kahindo kwa shamba la mihogo nje ya mji. Nguruwe wa porini walikuwa wanalimaliza. Bunduki ya baba ya kuwindia ilikuwepo, na permis yake pia, kibali cha kuimiliki, lakini kila kundi lililoingia mjini lilikuja na sheria yake. La kwanza liliiheshimu karatasi ile. La pili liliichana. La tatu likatangaza kwamba nyumba itakayosikika mlio wa bunduki itachomwa. Wewe ungefanya nini?

Asubuhi moja ya ukungu nilienda mtaa wa Kimemi, kwa wauza vipuri vya pikipiki. Niliogopa kutaja bunduki, nikauliza tu silensie, kile cha kuzuia mlio, maana bomba la moshi la pikipiki nalo tunaliita hivyo. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akanipa chuma kifupi, cheusi.

"Hii ni ya pikipiki ao ya bunduki?" nikanong'ona.

"Petit, kijana wangu, kazi ni moja. Kunyamazisha."

Kilikuwa chepesi na baridi, hakina kutu wala alama ya fundi. Nikachungulia ndani. Upande wa pili sikuona mwanga.

"Nitajua je kama inafanya kazi?"

"Jaribu. Ita mutu wa kwako humo ndani."

Nikacheka. Nikaweka mdomo, nikaita kwa nguvu: Kambale. Niamini, sauti haikutoka. Hata kooni mwangu sikuisikia.

"Bei gani?"

"Umeisha lipa."

Nikaondoka haraka, nisije nikaitwa nirudi.

Nyumbani Kambale alinipokea mlangoni. Midomo yake ilisema "yaya", yaani mkubwa wake, kama anavyoniita sikuzote. Sikusikia kitu.

Nilirudi Kimemi mbio. Pale pale alikuwa ameketi mama anauza ndizi.

"Mwenye koti? Lakini huyo tulimuzika zamani," akasema. "Walimuuaka hapa. Aliita batoto yake, hakuna mwenye alisikia."

Chuma kile kilifanya kazi, sitakudanganya. Nguruwe walianguka kimya, tukala, nyumba haikuchomwa. Kisha siku moja watu wenye silaha wakatoka msituni. Kambale alikuwa juu ya kilima, akawaona kwanza. Mimi, ng'ambo ya bonde, nilimwona tu akipanua mdomo, akipanua tena. Kahindo alikuwa chini yake, ameinama, anang'oa mihogo. Hakugeuka.

Sasa Kambale ni mtu mzima, na shingoni anavaa kengele ya mbuzi. Tukienda kaburini kwa Kahindo anaitikisa kidogo, halafu anaishika isilie.

Kwa hiyo sikia. Ukiambiwa uite mtu wa kwako ili ujaribu kitu, usimwite. Mwachie sauti yake. Siku moja atakuwa na haja ya kukuita wewe.