Ngano ya Nevyana

Mama mdogo wangu, Nevyana, alikuwa akisaga meno usingizini kwa nguvu, hata mumewe Spas akahamishia godoro lake jikoni. Aliamka taya zimekaza, kichwa kikimgonga, na bado akawahi cherehani yake kwenye kiwanda cha viatu.

Mtaa mzima ulijua dawa. Kwetu Bulgaria, anayesaga meno ana minyoo. Hata mtoto atakwambia hivyo. Mama mkwe wake, Bibi Gana, alimlisha mbegu za maboga na kitunguu saumu mpaka wenzake kiwandani wakamtania kwamba sasa hata msimamizi anaogopa kumsogelea. Nevyana alicheka nao, kiganja mdomoni, kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yamelika yakabaki mafupi kama ya mtoto.

Minyoo gani? Kila mtu alijua kilichotangulia. Mwanawe Kamen, baharia, alizama na meli katika Bahari Nyeusi, na mwili haukupatikana. Kwetu picha ya marehemu hubandikwa mlangoni, na siku ya arobaini hupikwa ngano, ikagawiwa majirani waile kwa niaba yake. Nevyana alikataa yote mawili. Asiyezikwa haliliwi, alisema. Ukimlilia, wewe ndiye uliyemzamisha. Basi hakulia. Na watu, badala ya kumshika mkono, wakamletea kitunguu saumu. Nina hasira nao mpaka leo.

Nilikuwa nasomea udaktari wa meno, nikamchunguza. Magego yalikuwa bapa kama meza. Tabaka gumu la nje lilikuwa limekwisha, umanjano wa ndani uko wazi, na maji baridi yalimchoma. Nilimweleza kwamba hana minyoo, kwamba mwenye dhiki anaweza kubana taya usiku kucha bila kujijua. Nikamtengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa akilala. Kabla theluji haijayeyuka, aliirudisha imetoboka.

"Mama mdogo, unauma nini humo?"

Aliitazama kiganjani mwangu. "Jina lake," akasema. "Nikifungua mdomo litatoka."

Bibi Gana alikuwa hapo hapo akikaanga mbegu zake. Akazima jiko.

"Binti yangu," akamwambia, "mtoto anasubiri ngano yake. Mpe ale."

Jumamosi iliyofuata Kamen alikuwa mlangoni, kwenye picha, anacheka, meno yote mazima. Nevyana alichemsha ngano mwenyewe, akaichanganya na sukari na kokwa za jozi, akasimama kizingitini akiwagawia majirani. Kila aliyepokea alilitaja jina la Kamen, na kila lilipotajwa yeye alilia kwa sauti, kama mtu aliyechomwa.

Zamu yake ilipofika, hakuweza kutafuna. Jozi zilimchoma, punje zikateleza juu ya magego yale. Spas alichukua uma ampondee. Nevyana akamzuia mkono, akaimeza ngano ya mwanawe nzima nzima.