Sehemu ya Kwanza Isiyo na ya Pili

Mama alikuwa na wiki mbili tu tangu atue Sydney, amekuja kunisalimia kutoka Morogoro, jirani yangu Mkongomani alipoingia mbiombio na yunifomu yake ya kazini. "Dada! Ile filamu yako wanaionyesha Jumamosi, saa moja na nusu jioni!" Mama akapiga kigelegele palepale jikoni.

Jamani, nilishaisahau. Miaka miwili nyuma watu wa televisheni walitafuta mwanamke Mwafrika wa kuigiza mama aliyefiwa hospitalini, na kiherehere changu kikanipeleka. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya tamthilia ya madaktari. Wakubwa wa stesheni wakiipenda wanainunua, zinatengenezwa nyingine. Hawakuipenda. Sasa huku kiangazi kikifika, watu wote wako ufukweni, stesheni zinatoa makombo: kila wiki wanarusha tamthilia moja iliyokosa mnunuzi. Nani angejua?

Filamu yenyewe haikuwa na shida. Shida ni nilichosema mle ndani. Siku ile mwongozaji alichuchumaa kando ya kitanda akaniambia nilie, niseme lolote kwa lugha yetu, hakuna atakayeelewa. Machozi yakagoma. Nikamfikiria baba. Yakaja, na maneno yakaja nayo.

Baba alikuwa amefariki miezi michache kabla. Mama nilimwambia kazini wameninyima likizo. Uongo mtupu. Likizo nilipewa, tiketi nilikuwa nayo, na uwanja wa ndege nilifika. Nilikaa pale na begi langu, kisha nikapanda treni nikarudi nyumbani, mtaani kwetu Guildford. Baba, angali hai, aliniomba nije Krismasi, nikamwambia mwakani. Nilimwogopa hata akiwa jenezani, basi. Tangu hapo kila tukiongea kwenye simu mama anawalaani mabosi wangu, na mimi, Mungu anisamehe, naitikia amina.

Wiki ile sikulala vizuri hata siku moja. Nilisema kanisani kuna kuchoma nyama Jumamosi, mama akasema nyama ataikuta Jumapili. Nikachomoa waya wa televisheni, nikatangaza imekufa. Binti yangu akaangalia nyuma ya televisheni dakika moja, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ni nzima, waya tu. Nilitamani nimfinye.

Jumamosi mama akavaa kitenge chake cha sikukuu, kana kwamba wale wa kwenye televisheni watamwona. Jirani akaleta sambusa. Mimi nilisimama kwenye sinki naosha vyombo visafi, naomba kimoyomoyo wawe wamekikata kile kipande.

Hawakukikata. Uso wangu ukajaa kioo chote. "Baba nisamehe. Likizo walinipa. Tiketi nilikuwa nayo. Nilifika uwanja wa ndege nikarudi. Sikuwa na uso wa kukutazama." Chini pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba mwanamke analia kwa lugha ya Kiafrika.

"Dada, wewe unajua kuigiza!" Jirani alipiga makofi huku anafuta macho. "Mpaka mimi nimelia!"

Mama hakupiga makofi. Aliangalia mpaka majina yakaisha kupita, akamshukuru jirani kwa sambusa, akamsindikiza mlangoni. Binti akaenda chumbani kwake. Nikabaki na bomba linalotiririka.

"Wiki ijayo wanaendelea?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Haikununuliwa. Imeishia hapo."

"Funga maji uje ukae."

Nikaja, nikakaa. Hakuniangalia. Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Baba yako tulimwacha mochwari siku nne zaidi," akasema. "Uliposema umenyimwa sikukata tamaa, nikajua utatokea tu. Kila gari lililoingia getini, mimi nilitoka nje kukupokea."