"Iko?" Kwenye Shimo la Maji

Sisi tuliokulia upande wa Kabambare, kiangazi ndicho kilichotufundisha kuamka kabla ya kuku. Kijito chetu kilikauka mpaka likabaki shimo moja la maji chini ya miamba, na wanyama wote wa nyikani walilijua. Kwa hiyo kila alfajiri watoto wawili walitangulia, wakapanda kichuguu kilichoangalia shimo, wakachungulia kabla mama zetu hawajashuka na mabido yao, yale madumu ya kuchotea maji.

Siku ile ilikuwa zamu yangu na Yaya Zaina, dada yangu mkubwa. Udongo wa kichuguu ulikuwa baridi chini ya matumbo yetu. Tulikuwa na muhogo wa kuchoma, umefungwa katika jani la mgomba, na harufu yake ilinitesa, maana kutafuna kulikatazwa. Kwanza alikuja fungo, akanywa huku akitazama nyuma. Wakafuata nguchiro, mama na watoto wake, lakini wakakimbia kabla hawajashiba. Halafu ndege wakanyamaza. Mtoto wa kule hakuhitaji kuelezwa.

Ninyi wadogo niwaeleze polepole. Jina la chui halikutajwa karibu na maji. Bibi alisema, "Ukimuita atakuja, na maji itakauka." Ndiyo sababu mama zetu, wakiwa juu ya kilima, waliuliza neno moja tu: "Iko?" Tukijibu "Hapana," walishuka. Tukijibu "Iko," walingoja. Na katika Kiswahili chetu neno hilo hubeba kila kilichopo: mtu, mnyama, hata chumvi.

Chui alitoka kwenye majani makavu, akanywa bila haraka, akalala pale pale pembeni. Madoa yake yakapotea ndani ya majani. Sisi tulimwona kwa sababu tulikuwa juu. Anayeshuka njiani asingemwona.

Mama akatokea kilimani peke yake, mdogo wetu mgongoni. Jana yake alikuta tope tupu, na usiku mtoto alikuwa amelia kwa kiu.

"Iko?" akauliza.

"Iko," Yaya akajibu.

Mama akacheka, akaanza kushuka. Hapo ndipo tukaelewa kwamba alikuwa anaulizia maji.

"Mama, iko! Iko!"

"Nimesikia, watoto wangu. Nakuja mbio, isikwishe."

Kadiri tulivyopaza sauti, ndivyo alivyoongeza mwendo. Mtaniuliza kwa nini hatukusema "rudi". Mtoto akiogopa, ulimi wake hushika neno lile lile alilofundishwa. Chui aliinua kichwa, akageukia njia. Nilikiona kichwa cha mdogo wetu kikitikisika mgongoni kwa kila hatua, na nikaubana mkono wa Yaya kwa kucha.

Yaya akanyanyuka, akasimama wima juu ya kichuguu.

"Mama, chui!"

Mama alisimama kama aliyegonga ukuta. Bido likamponyoka, likabingirika juu ya mawe kwa kelele, na chui akaruka mara moja tu, akamezwa na majani. Mama alipanda kilima kinyumenyume, mkono mmoja nyuma umemshika mtoto.

Nyumbani Bibi hakufurahi. "Mumemuita kwa jina. Sasa maji itakauka."

Mama alikuwa ananyonyesha, hakuinua hata macho. "Ikauke, mama. Mimi niko."

Leo bomba liko katikati ya kijiji. Kichuguu chetu kilichimbwa, udongo wake ukafyatuliwa matofali. Watoto wangu huamka jua likiwa juu, huangalia chui kwenye simu wakiwa wamelala, na akiwachosha humfuta kwa kidole. Siwalaumu. Maji ya karibu ni neema, na kile kijasho cha alfajiri simtakii mtoto yeyote. Ila ukimya ule wa ndege nautamani mpaka leo, na sijui nani mwingine anaukumbuka.

Juzi binti yangu alipanda pikipiki kwenda Kasongo, mvua ikiwa imeharibu barabara. Nilikaa na simu mkononi tangu asubuhi. Hatimaye likaja neno moja: "Iko."

Nikamwandikia haraka, "Nini iko?"

Alicheka kwanza, najua, maana jibu lilichelewa. "Réseau iko, mama, simu imeshika mtandao. Mimi pia niko."

Ndipo nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimekula.