Hodi Kwenye Laini ya Jirani

Kabla hujacheka, nikuambie mapema: mimi si mtu wa pombe, na siku hiyo sikuwa na malaria. Ilikuwa mchana, akili zangu zote ziko mahali pake. Unaweza kuamini, unaweza kuacha. Mimi nilikuwepo, na wewe hukuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukikaa Mamboleo, pale mji wa Kisumu unapoishia. Mume wangu alikuwa kiwanda cha sukari Muhoroni, anakuja nyumbani wikendi. Jirani yetu, ng'ambo ya ua wa michongoma, alikuwa Mzee Okumu, karani mstaafu aliyefiwa na mke na kuishi peke yake. Yeye alikuwa na simu. Sisi tulikuwa na ombi la simu, lililokaa ofisini mpaka tukazoea kuwa nalo.

Lakini mume wangu na haraka zake! Laini haijaja, yeye ameshanunua simu ya mitumba, ile isiyo na waya: kitako kinakaa kwenye umeme, na mkono wake unatembea nao unakotaka. Nilimwambia amenunua tandiko kabla ya punda. Basi siku moja nikianika nguo karibu na ua, nikaushika ule mkono wa simu kwa mchezo tu, nikabonyeza. Nikasikia laini inalia.

Sikuelewa kwa haraka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba simu ya mzee ilikuwa ndugu ya yetu, na zile za zamani hazikuwa na siri. Mkono uliongea na kitako chochote ulichokikuta karibu. Wangu ulikuwa umeingia nyumbani kwa mzee kupitia hewani, na hakuna aliyeuzuia.

Nikajiambia: sijavunja mlango, sijaruka ua. Kama hataki watu, mbona hakufunga? Wewe ungesema nini? Nikaanza kumpigia mume wangu pale kwenye mizani ya miwa. Halafu dada yangu Nairobi. Halafu marafiki wa dada yangu. Mzee alipokuja kwenye ua kunilalamikia kwamba watu wa simu ni wezi, wanamlipisha maneno ambayo hajaongea, nilimsikitikia. Tena niliwatukana pamoja naye. Ninaposimulia hapa huwa naona aibu mpaka shingoni.

Sasa sikiliza. Mzee alikuwa na binti mmoja, Atieno. Aliacha chuo akaenda kukaa na mwanamume Maseno, baba hajaulizwa. Siku aliyokuja kuchukua nguo zake, majirani wote tulimsikia mzee akimwambia kwamba akirudi tena, apige hodi kama mgeni. Kwetu mtoto hapigi hodi kwao. Anaingia tu, anafunua sufuria. Kumwambia apige hodi ni kumwambia hana kwao. Na msichana alikuwa na kichwa kigumu cha babake. Hakurudi, hakupiga simu. Mzee naye, kwa kujuta, akawa anatembea na mkono wake wa simu mfukoni, hata chooni anaenda nao, asije akapigiwa akiwa mbali.

Basi Alhamisi moja niliongea na dada yangu asubuhi nzima mpaka sikio likapata moto. Baada ya chakula cha mchana wingu jeusi likaja kutoka ziwani, nikatoka kuanua nguo. Nikaona nimpigie mume wangu kidogo kabla ya mvua. Nikabonyeza. Laini haikulia. Kulikuwa kimya, kimya cha nyumba yenye watu ndani.

"Hodi," sauti ikasema.

Ilikuwa Atieno. Nilimjua tangu akiwa na sare ya shule.

"Hodi, baba."

Na baba yake alikuwa pale pale! Nilimwona kupitia michongoma, anakunja turubai la mahindi, simu imetulia kwenye mfuko wa shati. Haikuwa imelia. Nilichotakiwa kufanya ni kusema karibu, au kuita, Mzee, mtoto wako huyu. Lakini niliwaza: nikifungua mdomo, watajua ni mimi. Nikanyamaza. Niamini, nilibana hata pumzi.

Kisha sauti ikasema polepole, "Wewe uliye ndani. Mwambie baba nimepiga hodi."

Nikazima. Mvua ikanikuta nimesimama na nguo mikononi.

Jioni yule mwanamume wa Maseno alifika, viatu vimejaa matope, na tukasikia kilio. Atieno alikuwa amekufa hospitalini, kwa uzazi. Yule kijana alisema mbele yetu sote kwamba asubuhi yote msichana alikuwa akiomba apigiwe babake, na wao walipiga na kupiga, laini ina mtu. Alikata roho kabla ya saa sita. Umesikia? Kabla ya saa sita. Mimi nilimsikia baada ya chakula.

Mzee hakumwamini. Alisema siku hiyo hakuongea na mtu yeyote, laini ingewezaje kuwa na mtu? Akaona kijana anamfariji kwa uongo. Matanga yakaisha, na yeye akabaki na neno moja tu, kwamba mtoto wake alikufa bila kumtaka.

Sisi Wajaluo tunajua chien, marehemu aliyekosewa, anayerudi kudai. Niliutoa betri ule mkono wa simu, nikaufungia kabatini. Ukaendelea kusema hodi.

Mwishowe nilienda kwa mzee nikamwambia yote. Laini yake, dada yangu, asubuhi ile, sauti ile. Nilingoja anifukuze. Hakupandisha hata sauti.

"Rudia vile alisema," akaniambia. Nikarudia. "Na wewe ulimjibu nini, nyar Alego?" Ndivyo alivyozoea kuniita, binti wa Alego.

Nilimtazama yule mzee, na ukweli ukanishinda.

"Nilimwambia karibu, Baba."

Akafumba macho. "Ero kamano," akasema. Asante. Alinishukuru! Alikufa akiamini mtoto wake alipokelewa, na mimi sijui kama nilidanganya kwa huruma au kwa woga.

Simu yetu ililetwa baadaye, na mpaka leo, simu yoyote nikiishika, kabla mtu hajaongea namsikia Atieno kwa mbali. Namwambia karibu. Watu hucheka, wanadhani ni adabu. Yeye hanijibu. Kwani nyumba ni yangu?

Siku hizi naona watu wazima na akili zao wamejibanza kwenye ukuta wa jirani, wanavuta mtandao wake usio na nenosiri. Nikiwauliza, wananiambia kama hataki, mbona hakufunga? Sitakuambia ni wizi, hilo kamuulize mchungaji wako. Mimi nakuonya hivi tu: iko siku utakuwa humo ndani, mwenye nyumba aitwe, na sikio la kusikia liwe lako peke yako. Utaitika kama nani?