Kona ya Mto Iliyokaushwa Matulo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mkitaka kujenga kando ya mto, ulizeni kwanza maji yalikuwa yakipita wapi.

Hapa Matulo mto ulikuwa na kona. Kwenye hiyo kona ndipo vijana wetu walipopakwa matope ya kijivu asubuhi ya kutahiriwa, na mwanangu pia alipakwa hapo. Miaka ya elfu mbili ikianza, tingatinga likachimba mtaro wa kunyoosha mto. Kona ikakauka, naye mwanangu akajenga nyumba papo hapo. Nilimkataza.

"Mama, si tingatinga ilihamisha maji? Ama unangoja yarudi kama mgeni?" akanicheka.

Msimu wa mvua uliofuata nilienda kumwona mjukuu mchanga. Mtaro ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Ndani ya nyumba sakafu ilikuwa imepasuka, na mke wa mwanangu alikuwa akipanguza ufa, akidhani ni uji umemwagika. Nikachovya kidole, nikamwonyesha mwanangu. Yalikuwa matope ya kijivu, baridi. Aliyajua. Hakucheka tena.

Nikambeba mtoto, nikasema, "Toeni vitanda. Leo mnahamia kwangu huko juu, na hakuna mtu wa kulala hapa tena."