Siku Niliyomsukumisha Bi Harusi Lori

Mkinicheka sitawalaumu, maana aibu niliyoipata Izigo, enzi zile za vijiji vya ujamaa, niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa dereva wa lori la kijiji (kuukuu, la petroli, lakini ndilo pekee tulilokuwa nalo), na Jumamosi ile nilitumwa kumpeleka bi harusi, Paskazia, kanisani Bukoba. Padre alishasema mwisho saa sita, ana safari, na Jumatano ilikuwa ya Majivu, Kwaresima inaanza, kwa hiyo tukichelewa hakuna ndoa mpaka Pasaka ipite, na bwana harusi, mwalimu, alikuwa amehamishiwa Songea, anaondoka wiki ileile. Fundi alinionya nisizime injini mahali pasipo na mteremko, maana betri ilikuwa na tabia ya kusumbua. Mimi nikazima, nionekane dereva mstaarabu, nikaingia ndani, nikakaribishwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, nikatafuna kidogo, na nyingine (uroho huo!) nikaitia mfukoni pamoja na ufunguo.

Kurudi garini, ufunguo unaingia nusu, hauzunguki, taa ya dashibodi kimya. Nikatangaza kwa sauti ya fundi mkuu, "Betri hiyo!" Nikakwangua vichwa vya betri, nikapiga honi, ikalia, nikawasha taa za mbele, zikawaka, na bado nikashikilia kwamba ni betri! Basi nikawaomba watu wasukume, na walisukuma kweli, wazee na kanzu zao, wanakwaya, hata Paskazia akapandisha gauni akasukuma, kumbe lori la petroli ambalo swichi haijafunguka utalisukuma mpaka Muleba na halitawaka. Likaishia kwenye migomba ya baba yake. Paskazia akaanza kulia, na mimi nusura nimfuate.

Ndipo shangazi yake, Ma Koleta, akasogea mlangoni mwa lori.

"Ndugu dereva, honi imelia, taa zimewaka, si umeme upo? Hapo unapoingiza ufunguo umepatazama?"

"Ma, hayo mambo ya ufundi..."

"Mawe! Nipishe."

Akachomoa pini kichwani, akachokoa tundu la ufunguo, yakatoka maganda ya kahawa. Maganda yangu! Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akayafumba kiganjani kabla mtu hajaona, akaninong'oneza, "Washa, mwanangu."

Likawaka. Tulifika padre akiwa tayari anatazama saa, akauliza mbele ya kanisa zima kumetokea nini. Ma Koleta akajibu, "Lori lilichoka, Padre, lakini dereva hakuchoka." Angesema kweli ningepoteza kazi, na jina pia.

Tangu siku ile ufunguo naufunga shingoni pamoja na rozari. Na mama yule nilimshukuru mpaka siku tuliyomzika. Kila nilipopita kwake alinipa akamwani, kisha akasimama palepale akinitazama mpaka nimalize kutafuna ya mwisho.