Mtoto Aliyeogeshwa Akaogeshwa Tena

Ofisini walimwita Bwana Akiba. Alitunza chumba chenye kompyuta nyingi zilizogawana kazi. Kila moja ilikuwa ikiziarifu nyingine kwamba ipo hai; ikinyamaza tu, kazi yake ilipewa jirani, na wateja hata hawakujua kama kuna iliyozimika. Aliupenda mpango huo mpaka akawa anausimulia mezani, watu wanakula wameinamisha vichwa.

Basi mama mkwe akapiga simu. "Nakuja. Nikimkuta mwanangu kachoka na mimba hiyo, naondoka naye."

Bwana Akiba akachukua karatasi. Akazigawa kazi zote za mkewe, kila kazi na mwenyewe, kila mwenyewe na msaidizi. Yeye akajipa kumpokea mama mkwe stendi kwa pikipiki, msaidizi akiwa shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyeishi nao. Ukimaliza, tuma ujumbe. Ukinyamaza, msaidizi anashika.

"Na mimi?" mkewe akauliza.

"Wewe lala."

"Tu?"

"Lala kwa bidii."

Siku ya siku ikafika, na mtandao wa simu ukakatika. Binti mkubwa alimwogesha mdogo wake, ujumbe ukagoma kwenda, akatoka kuchota maji. Shemeji akarudi kutoka sokoni, simu kimya. Akamwogesha mtoto, akatoka kununua mkaa. Bwana Akiba naye akaingia kutoka kazini, simu kimya. Akavua shati, akavuta beseni.

"Baba, nimeshaoga!"

"Nani kasema? Sina taarifa."

"Si ni mimi ninayesema!"

Shemeji akatokea na mkaa wake, akaganda mlangoni. "Shemeji! Mama yuko stendi na nani?"

"Si na wewe? Ujumbe wangu uligoma, nikajua umeshanishikia nafasi."

"Mimi nilidhani umenyamaza kwa kuwa unaendesha pikipiki!"

Kabla hawajamaliza kulaumiana, mama mkwe akaingia, begi kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi. Akamtazama mkwewe, kifua wazi, povu hadi viwikoni. Akamtazama mtoto, vidole vimekunjamana kwa maji. Kisha akamtazama binti yake kwenye kochi, miguu juu ya mito.

"Una nini wewe?"

"Nimechoka kulala, mama."

Bibi akatua begi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu simchukui ng'o. Naondoka na huyu mdogo, kabla hamjamfua rangi ikatoka."

Bwana Akiba alishusha pumzi. Mtoto, povu bado masikioni, alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.